Hatari Inapobisha Hodi: Je, Jamaa ya Sinema Inafanana na Jamaa Yetu?

Liko jambo moja linalogombaniwa katika nyumba nyingi kila mara sinema ya maafa inapokwisha. Mlima umetema moto, bahari imepanda nchi kavu, ardhi imetetemeka na majumba yameanguka. Katikati ya ghasia hiyo tumeonyeshwa baba, mama, na watoto wawili au watatu. Mama amerudi nyuma kumchukua bibi yao. Baba ameacha kazi yake na kuvuka miji miwili iliyobomoka ili kumtafuta binti yake. Mtoto amekataa kuondoka bila ndugu yake. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja husema: «Huo ni uwongo mtupu! Mtu mwenye akili angalikimbia.» Mwingine, machozi yangali machoni, humjibu: «Wewe hujazaa bado. Ukizaa utafahamu.»

Ubishi huo si wa bure. Mtu anayehukumu mwenendo wa baba katika sinema anajipima mwenyewe kabla siku yake haijafika. Tena sisi wa Kongo hatuwezi kuyatazama mambo hayo kama watu wa mbali, maana kwa ndugu zetu wa Goma mlima unaotema moto si hadithi ya kuchezea. Kwa hiyo leo tumeona vema kuzipima sinema hizo kwa mizani ya mambo yaliyotokea kweli na kuchunguzwa na wenye elimu. Tutaona kwamba mahali tunapocheka mara nyingi ndipo sinema inaposema kweli, na mahali tunapolia kwa furaha mara nyingine ndipo inapotudanganya.

«Hakuna neno, ngojeni kidogo»

Mwaka 1997 ilitoka huko Marekani sinema iitwayo «Dante's Peak». Inaeleza habari za mji mdogo chini ya mlima wa moto. Yuko humo bibi mmoja, jina lake Ruth, anayekaa juu mlimani kando ya ziwa. Anaambiwa ahame, naye anakataa katakata: mlima ni wake, nyumba ni yake, hataondoka. Watazamaji wengi humkasirikia na kusema ya kuwa mtu mkaidi namna hiyo hayupo duniani.

Yupo. Mwaka 1980, Mlima St. Helens ulipoanza kutoa moshi katika jimbo la Washington, alikuwako mzee mmoja mwenye miaka 83, Harry R. Truman, mwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa chini ya mlima huo. Wakubwa wa serikali walimsihi, waandishi wa magazeti walimwendea, watoto wa shule walimwandikia barua. Alikataa. Tarehe 18 Mei mlima ulipasuka ukamzika pamoja na nyumba yake. Basi bibi Ruth si uwongo. Mzee aliyeishi miaka hamsini mahali pamoja haoni kwamba anaokolewa, bali anaona kwamba anang'olewa.

Lakini sinema inakosa jambo moja. Inamfanya mkaidi kuwa mmoja tu, na wengine wote kuwa wepesi wa kusadiki. Mambo ya kweli hayako hivyo. Mwezi wa Juni 1965, mto South Platte ulifurika katika mji wa Denver, na jamaa 3,700 hivi ziliamriwa kuhama. Mwalimu mmoja wa elimu ya jamii, Thomas Drabek, pamoja na wenzake, walizihoji jamaa 278 miongoni mwao. Waliona kwamba jambo la kwanza watu walilolifanya baada ya kusikia onyo lilikuwa kutokusadiki, hata onyo lilipotoka kwa polisi mwenyewe. Walifungua redio, wakawaita ndugu kwa simu, wakatoka nje kutazama jirani anafanya nini. Katika nyumba nyingine bwana alisema «tubaki», bibi akasema «twende», na safari yao ikatokana na mapatano ya wawili hao. Wengine waliondoka kwa sababu shemeji au mzazi aliwapigia simu akasema: «Njooni kwetu.»

Angalieni jambo hilo, akina baba. Katika sinema baba hupiga kelele mara moja, na jamaa yote huingia motokaa. Katika maisha, saa ya kwanza ya hatari hupotea kwa kuulizana. Si ujinga, wala si woga: ndiyo desturi ya binadamu kutafuta neno la mtu anayemwamini kabla ya kuacha nyumba yake.

Kutafutana

Sasa tulifikie lile linalochekwa kuliko yote: watu kurudi nyuma kutafutana. Mtazamaji aliyeketi kitini pake husema: «Mlango uko wazi mbele yako, mbona unageuka?»

Tarehe 2 Agosti 1973, katika mji wa Douglas, kisiwani Man, jumba kubwa la michezo lililoitwa Summerland liliungua. Watu hamsini walikufa. Siku hiyo jumba lilijaa wageni wa likizo, na wazazi wengi walikuwa ghorofa moja na watoto wao ghorofa nyingine. Mwanachuo Jonathan Sime alichunguza habari za waliopona. Watu wa jamaa moja walielekea kutoka wakiwa pamoja zaidi kuliko marafiki walioandamana tu. Wazazi waliotengwa na watoto wao hawakuutafuta mlango kwanza, waliwatafuta watoto. Tena waliokuwa mbali na jamaa zao walishtuka mapema zaidi kwa kila dalili ndogo ya hatari, hali waliokuwa pamoja walikawia, kana kwamba kuwaona wenzao karibu kuliwatuliza.

Tunajifunza nini? Kwamba mtu wakati wa hatari hakimbii tu kutoka mahali pabaya, bali anakimbilia watu wake. Wataalamu wa zamani walidhani kwamba hofu humgeuza binadamu kuwa mnyama anayemkanyaga mwenziwe. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba jambo hilo ni nadra sana. Basi mama wa sinema anapogeuka mlangoni, msimcheke. Amefanya kama walivyofanya mama wa kweli.

Hata uzee hauondoi tabia hiyo. Meli Titanic ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, watu wapatao 1,500 walikufa. Miongoni mwao walikuwa Bwana Isidor Straus, tajiri wa maduka huko New York, na mkewe Ida. Bibi alipewa nafasi katika mashua akaikataa, kwa kuwa hakutaka kumwacha mumewe. Naye bwana alikataa kuingia mashuani wakati wanawake na watoto walikuwa wangali melini. Sinema ya 1997 inawaonyesha wazee wawili wamelala kitandani wakikumbatiana maji yakiingia. Kitanda hicho ni pambo la mtengeneza sinema, maana walioshuhudia waliwaona juu ya sitaha. Lakini kiini cha habari ni kweli.

Baba njia panda

Ndugu wasomaji, kutafutana kuna gharama yake, na gharama hiyo sinema nyingi haziihesabu. Chukueni «San Andreas», ya mwaka 2015. Baba, Ray, ni rubani wa helikopta ya kuokoa watu katika mji wa Los Angeles. Tetemeko linapotokea yumo kazini, amepewa chombo cha serikali na mji mzima unamhitaji. Anakiongoza chombo hicho kwa mkewe kwanza, kisha anaelekea San Francisco kwa binti yake. Maelfu walio chini ya vifusi hatuelezwi nani amekwenda kuwaokoa. Sinema inampigia makofi.

Je, hayo yanasadikika? Mwaka 1952 mwalimu Lewis Killian alitoa makala juu ya mambo aliyoyachunguza Texas City, ambako meli yenye shehena ya mbolea ililipuka mwaka 1947 na kuua watu zaidi ya 500, na pia katika miji mitatu ya Oklahoma iliyopigwa na kimbunga. Aliona kwamba wengi wa waliojikuta njia panda, huku kazi na huku nyumba, waliishika njia ya nyumbani. Basi moyo wa Ray ni moyo wa kweli.

Lakini wachunguzi waliofuata, hasa wale wa kituo cha kuchunguza maafa kilichoanzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Ohio State, waliongeza neno la maana. Waliona kwamba watu waliofundishwa kazi ya uokozi, kama wazima moto na wauguzi, ni nadra sana kuziacha kazi zao. Hufanyaje? Hutafuta kwanza habari za nyumbani: mtu anatumwa, simu inapigwa, jirani anaombwa awatunze watoto. Wakijua kwamba watu wao wa salama, hufanya kazi usiku na mchana. Tofauti yao na Ray haiko katika upendo, iko katika maandalio. Baba aliyepatana mapema na shemeji yake kuhusu watoto hana haja ya kuiba helikopta.

Na iko sinema moja iliyoonyesha jambo hilo vizuri, ingawa watu hawalikumbuki. Katika «The Day After Tomorrow», ya mwaka 2004, baba anatembea katika baridi kali kumfuata mwanawe New York, na kila mtu humsifu. Lakini mama wa kijana huyo, daktari Lucy, anabaki hospitalini na mtoto mmoja mgonjwa asiyeweza kuchukuliwa bila gari la wagonjwa, hali wengine wameondoka. Mtoto huyo si wake. Sisi twaona kwamba mama huyo anasadikika kuliko baba. Wauguzi na mabruda wa nchi hii waliobaki na wagonjwa wakati wa vita wanatosha kuwa mashahidi.

Baba aliyekimbia

Haki yatulazimu kuzungumza pia juu ya yule ambaye sinema nyingi humficha. Mwaka 2014 Mswidi Ruben Östlund alitengeneza «Force Majeure». Baba, Tomas, yuko mezani na mkewe Ebba na watoto wawili katika milima ya Alps. Theluji inaporomoka kuwaelekea. Mama anawafunika watoto kwa mikono yake. Baba ananyakua simu yake na glavu zake, anakimbia. Theluji haikuwafikia, ila wingu lake tu. Baba anarudi mezani, anaketi, nao wote ni wazima.

Maafa yenyewe yamekwisha kwa dakika moja, lakini nyumba imeanza kubomoka. Tomas anakana kwamba alikimbia. Anasema mke wake ameona vibaya. Watoto wamenyamaza, hawamtazami. Mambo hayo hatuna shida kuyasadiki. Wachunguzi wawili wa chuo cha Uppsala, Mikael Elinder na Oscar Erixson, walitoa mwaka 2012 hesabu ya meli 18 zilizozama katika muda wa karne tatu. Waliona kwamba kwa jumla wanaume walipona zaidi kuliko wanawake, na mabaharia zaidi kuliko abiria. Titanic, ambayo wengi huidhani kuwa kanuni, ilikuwa tofauti. Ushujaa basi hauji wenyewe kama mvua, na mtu asijivune kabla ya siku yake.

Hata hivyo, kosa kubwa la Tomas si miguu yake. Miguu hukimbia kabla ya akili kufika. Kosa lake ni ulimi wake, kwa kuwa alikana. Kama angalisema jioni ile: «Niliogopa, niliwaacha, nisameheni», pengine mke angalilia, kisha mazungumzo yangalianza. Baba mwenye jamaa anaweza kuvumiliwa kwa woga wa dakika moja, lakini uwongo wa juma zima ni mzigo mwingine.

Mtoto si mzigo tu

Katika sinema nyingi mtoto ni kifurushi: hubebwa, hupotea, hulia, hupatikana. Katika nyingine ni shujaa asiye na mfano, kama wale wajukuu wa bibi Ruth wanaochukua motokaa wenyewe na kupanda mlima unaowaka. Kupanda kumfuata bibi, twasadiki; kuendesha motokaa katika mvua ya majivu, twatia shaka.

Lakini iko sinema iliyomwonyesha mtoto kama alivyo. Ni «The Impossible», ya mwaka 2012, iliyotengenezwa na Mhispania J. A. Bayona. Habari yake ni ya jamaa ya kweli ya Hispania, María Belón, mumewe na watoto wao watatu, waliokuwa Khao Lak huko Thailand tarehe 26 Desemba 2004, bahari ilipopanda. Siku hiyo watu zaidi ya laki mbili walikufa katika nchi za Bahari ya Hindi. Jamaa hiyo yote watano walipona. Mama mwenyewe alishiriki kumweleza mwandishi wa sinema mambo yalivyokuwa, ijapokuwa waliochezeshwa ni Waingereza.

Mtoto wa kwanza, Lucas, anatembea majini na mama aliyejeruhiwa vibaya. Wanasikia sauti ya mtoto mdogo analia. Lucas anataka waendelee, maana bahari yaweza kurudi. Mama anakataa kumwacha mtoto huyo. Hakuna aliye mbaya kati yao: kijana anamhofia mama yake, na mama anamfundisha mwanawe hata katika matope. Baadaye hospitalini kijana huyohuyo anazunguka kitanda kwa kitanda akiita majina, ili baba ampate mtoto na mtoto ampate baba. Hayo yanasadikika kabisa. Mtoto aliyepewa kazi wakati wa msiba hupata nguvu.

Liko jambo jingine katika sinema hiyo linalogombaniwa mno. Baba, akiwa na wadogo wawili, anawapakia katika lori pamoja na watu asiowajua, wapelekwe mlimani, naye anabaki kumtafuta mke na mtoto wa kwanza. Wengi husema: «Baba gani anaacha wawili alio nao kwa ajili ya wawili asiojua kama wa hai?» Sisi hatuwezi kumhukumu. Lakini twaona kwamba sinema imefanya vema kutuonyesha neno ambalo nyingine hulikwepa: kwamba wakati mwingine hakuna njia njema, na kwamba mtu mmoja hawezi kugawanyika.

Nanyi wanafunzi, sikieni. Siku ileile ya tarehe 26 Desemba 2004, katika pwani ya Phuket, msichana Mwingereza wa miaka 10 aliona maji ya bahari yakitoa povu na kwenda namna ngeni. Majuma mawili nyuma alikuwa amefundishwa shuleni, katika somo la jiografia, dalili za tsunami. Aliwaambia wazazi wake, akasisitiza hata baba akasadiki na kuwaonya wengine. Pwani ile iliondolewa watu kabla ya wimbi kufika. Kama tungaliona hayo katika sinema, tungalisema: «Mtoto mdogo namna hiyo? Uwongo!»

Je, maafa huponya ndoa?

Twafika sasa kwenye uwongo mkubwa kuliko yote. Katika «San Andreas» bwana na bibi wako karibu kutengana kabisa. Katika «2012», sinema ya mwaka 2009, wamekwisha kutengana. Katika zote mbili mke amepata mwanamume mwingine. Na katika zote mbili mwanamume huyo anakufa njiani, nao bwana na bibi wa kwanza wanarudiana mwishoni. Mtengeneza sinema ametumia tetemeko kama mshenga!

Wapenzi wasomaji, upatanisho ni jambo jema, na ahadi iliyotolewa mbele ya altare yafaa kutengenezwa inapopasuka. Lakini haitengenezwi kwa saa mbili za kukimbia. Mwaka 1989 tufani iliyoitwa Hugo ilipiga jimbo la South Carolina. Wachunguzi Catherine Cohan na Steven Cole walilinganisha wilaya 24 zilizotangazwa kuwa za maafa na wilaya 22 nyingine za jimbo hilo. Katika mwaka uliofuata, penye maafa ndoa ziliongezeka, watoto waliozaliwa waliongezeka, na talaka nazo ziliongezeka. Maana yake nini? Kwamba maafa hayaponyi wala hayauui upendo. Huwafanya watu waamue upesi jambo lililokuwa limelala moyoni mwao. Waliopendana hufunga ndoa, waliochokana huachana. Nyumba yenye ufa haipati ukuta mpya kwa kutikiswa.

Jamaa ambayo sinema haiioni

Mwisho, tutazame kwetu. Sinema hupenda jamaa ya watu wanne, wenye motokaa moja. Sababu yake ni nyepesi: mtazamaji hawezi kukumbuka nyuso ishirini katika muda wa saa mbili, wala fedha ya mtengeneza sinema haitoshi kuzifuata zote. Ndiyo maana majirani hugeuzwa kundi la watu wanaopiga kelele, ili shujaa apate kung'aa. Lakini katika tetemeko la kweli, jirani mwenye koleo na mikono mitupu ndiye anayefukua kwanza, kabla ya waokozi wa serikali kufika. Jamaa yetu sisi ina bibi, ina shangazi, ina mtoto wa marehemu ndugu, ina mgeni aliyefika jana kutoka kijijini. Nani atamshika nani?

Swali hilo halikuulizwa na sinema, liliulizwa na Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lake la moto lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, lava ikateremka kwa mbio zisizokimbilika kwa miguu. Tarehe 17 Januari 2002 lava iliupasua mji wa Goma hata ikafika ziwani, nao watu mamia ya maelfu walivuka kwenda Rwanda. Siku chache baadaye wengi walirudi, majivu yangali ya moto, kutafuta nyumba zao. Tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka bila onyo. Watu walikimbia gizani, hawa kuelekea Gisenyi, hawa kuelekea Sake. Kesho yake shirika la UNICEF lilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na jamaa zao, na zaidi ya 170 wahofiwa kupotea. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa mingi ya Goma ihamwe, na mamia ya maelfu wakashika njia mara ya pili.

Watoto hao hawakupotea kwa kuwa hawakupendwa. Usiku, katika umati, mkono huponyoka kwa dakika moja. Mama anadhani mtoto yuko na baba, na baba anadhani yuko na mama. Na kama mzazi akigeuka kumtafuta, huenda akapita kando yake pasipo kumwona.

Wajapani wa pwani ya Sanriku, waliopigwa na tsunami mwaka 1896, tena 1933, tena 2011, wana neno lao: «tsunami tendenko», yaani kila mtu apande mlima peke yake. Likisikiwa mara ya kwanza linachukiza, kama vile ni neno la Tomas. Lakini maana yake ni kinyume. Katika mji wa Kamaishi watoto walifundishwa kukimbilia juu mara moja, na waliambiwa wakawaambie wazazi wao: «Sisi tutakimbia kwa hakika, nanyi kimbieni, msitufuate.» Tarehe 11 Machi 2011, wanafunzi wakubwa wa shule moja waliwashika mikono wadogo wa shule ya jirani, wakapanda pamoja. Watoto wa shule za mji huo walikuwa karibu 3,000, na karibu wote walipona, ijapokuwa katika mji wenyewe walikufa watu zaidi ya elfu moja. Basi kila mmoja alikwenda peke yake kwa sababu alimwamini mwenziwe. Upendo wao ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake kabla ya wimbi.

Hilo ndilo neno letu la leo. Sinema zinasema kweli zinapoonyesha kwamba watu wa jamaa moja hutafutana hata kufa. Zinadanganya zinapotuambia kwamba kutafutana huko kwatosha. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wazee. Kwa hiyo, akina baba na akina mama, ketini jioni moja juma hili na watoto wenu wote, mpatane mambo haya:

Mahali gani tutakutana tukitengana, na mahali gani pa pili kama pa kwanza hapafikiki. Nani atamshika bibi, nani atambeba mtoto mchanga, nani atamwendea jirani asiyeweza kutembea. Mtu gani wa jamaa aliye mji mwingine atapigiwa simu na kila mmoja, ili habari zikutane kwake. Tena kila mtoto anayeweza kusema ajifunze kutaja jina lake kamili, majina ya baba na mama, na mtaa wake. Huko Khao Lak, kama huko Goma, ilikuwa kwa jina kwamba mtoto alirudishwa kwao.

Na mkisha kupatana, itazameni sinema yenu bila wasiwasi. Mama akigeuka mlangoni, msimcheke. Waulizeni watoto tu: «Sisi tulisema tutakutana wapi?»

Tuonane juma lijalo.